Mzee wa Kaseti

Hapa Guildford, pembeni mwa Sydney, watu wana desturi ya kutoa vitu wasivyovitaka na kuvirundika kwenye majani mbele ya nyumba, magodoro, viti, tivii, mpaka gari la manispaa lije livizoe. Binti yangu hapendi niviguse. Ananiambia, "Mama, tutaonekana tunaokota." Namjibu kwamba kuokota ndiyo shule niliyoimaliza, ile nyingine niliishia darasa la tatu. Basi juzi nilikuwa nimeshuka ngazi pole pole na goti langu hili, maana nisiposhuka siku nzima inapita nikitazama ukuta wa jirani. Binti yuko zamu anaogesha wazee wa watu, mkwe yuko na lori lake bandarini Port Botany, watoto wako shule, na funguo za chini mimi zinanishinda, nikitoka lazima mlango niuache na kiatu katikati usijifunge. Nikaona boksi la kaseti limelowa mvua. Nikainama. Ya tatu kutoka juu ilikuwa yeye.

Nikainusa. Usinicheke. Ilinuka plastiki na maji ya mvua tu, lakini pua yangu ikasikia harufu nyingine, chuma kilichochomwa na jua, chenye uchachu kidogo, na nikajikuta nimekaa kwenye godoro la watu pale barabarani nimeishika kwa mikono miwili.

Kwenye karatasi yake kuna watu wanne nyuma ya uzio wa waya. Wanaume watatu, na mwanamke mmoja aliyenyolewa kichwa chote. Mmoja wa wale wanaume ni mnene, ana ndevu, na vidole vyake vyote kumi ameviingiza kwenye matundu ya waya. Juu yao anga limepakwa njano.

Mtu wa rika langu aliyekulia makazi ya wakimbizi kule magharibi mwa Tanzania hahitaji nimweleze uzio ni nini. Kwa wengine niseme kwamba sisi hata uzio hatukuwa nao. Tulikuwa na mashamba, mihogo, maharage, makanisa mengi kuliko visima. Njano tuliijua kwa unga wa mahindi wa msaada. Kilichotufunga ni kijiti kimoja tu, kimelazwa kukatiza barabara, na mlinzi amekaa pembeni. Ukitaka kwenda mjini kuuza maharage, kibali. Kuzika ndugu, kibali. Msitu upande ule, msitu upande huu, na ukikamatwa huna karatasi unalala mahabusu. Kifungo chetu kilikuwa na mashamba ndani yake, kwa hiyo wageni waliokuja kututembelea walisema tumetulia.

Nirudi kwenye kaseti. Aliileta mzungu mmoja mchimba visima, kijana mrefu wa kuungua pua, na alipoondoka alimwachia mpishi wake, Mzee Nestori, sufuria mbili, redio ya kaseti, na kaseti hiyo hiyo moja. Mzee Nestori alikuwa jirani yetu. Akatuambia watu wa kwenye picha wanatoka Australia. Mimi mtoto wa miaka kumi na moja nikayaelewa yote papo hapo. Kama wako nyuma ya waya, ni wakimbizi. Mwanamke kanyolewa kwa sababu ya chawa, na sisi tulinyolewa hivyo hivyo kila chawa walipozidi. Na Australia ni makazi kama yetu, ila makubwa. Hilo la mwisho nimelifikiria sana nikiwa humu ghorofani, lakini tuliache.

Mwimbaji nilimjua pia. Ni yule mnene mwenye ndevu. Sauti iliyotoka kwenye ile redio ilikuwa nzito, inajivuta, ya mzee aliyekaa foleni tangu asubuhi na akaambiwa karani ameenda kula. Maneno hatukuyaelewa hata moja. Lakini nani haelewi mzee akilalamika?

Mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya mawe. Betri tuliziita mawe ya redio. Redio ile ilikula mawe sita makubwa, na Mzee Nestori hakuwahi kuwa na sita mapya kwa pamoja. Alinunua mawili, akayachanganya na manne yaliyokufa. Kwa hiyo kila siku nilipanda kwenye bati la jiko lake nikayaanika juani, nikayageuza kama unavyogeuza dagaa, na jua likipinda nikayashusha kwenye pindo la gauni yakiwa ya moto. Ujira wangu ulikuwa kukaa karibu na redio kuliko watoto wengine. Mzee anaimba wimbo mmoja, wa pili anaanza kuzama, wa tatu anajikokota kama ng'ombe mgonjwa, halafu kimya.

Mama yangu hakumpenda. Mama alikuwa mtu wa haraka. Alitembea haraka, alitwanga haraka, alisali haraka, mpaka mchungaji alimwambia, "Mama Spesi, Mungu hana treni ya kuwahi." Yeye akajibu, "Yeye hana, mimi nina maharage motoni." Nyimbo za kukokota alisema ni za watu waliokwisha fukiwa. Basi jioni, mzee wa kaseti akianza kuzama kule kwa Nestori, Mama alinyoosha shingo juu ya matete yaliyotenga nyua zetu, mchi mkononi, akapiga kelele:

"Mpeni uji mzee huyo! Hamwoni amechoka?"

Watu wakacheka kila siku, kana kwamba ni mara ya kwanza. Na mimi nilicheka, lakini nikijisikia vibaya kidogo kwa ajili ya mzee, maana nilidhani huko aliko anatusikia.

Halafu Mama akaugua tumbo. Likavimba. Gari la hospitali likaja likachukua wagonjwa tu, na kadi ya familia wakasema aende nayo, itahitajika huko. Baba nilikuwa sina tena tangu Burundi. Nikahamia kwa Mzee Nestori na mkewe. Nilikuwa nikienda mpaka kwenye kijiti kila asubuhi kuuliza kama gari linarudi, na mlinzi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alinipa kipande cha muwa na kuniambia nirudi nyumbani. Mpaka leo muwa siuwezi.

Wiki zikapita. Ndipo kanisa la mjini likaalika kwaya yetu kwenye jubilei yake. Hospitali iko nyuma ya kanisa hilo, ukuta mmoja. Ofisi ikakubali kutoa kibali cha kwaya nzima, watu thelathini, majina yaandikwe. Nikajua njia yangu ndiyo hiyo. Nilikuwa sina sauti ya maana, lakini nilikuwa nina mzee.

Mwalimu wa kwaya alikuwa Zakaria, kijana mwenye koti moja la kijivu na hasira ya kushindwa na kwaya za vijiji vingine. Alikuwa anatafuta wimbo ambao hakuna aliyeusikia. Nikamfuata chini ya dirisha la kanisa, nikamwimbia ule wa pili wa kaseti, bila maneno, kwa uzito wake wote.

"Umeutoa wapi?"

"Kwa mzee wa Australia."

"Anaimba nini?"

"Anaomba kibali."

"Rudia pale unaporuka," akasema. Nikarudia. Akajaribu, akakosea. Akajaribu tena, akakosea tena. "Mbona kama mtu anaanguka ngazi?"

"Ndivyo anavyofanya, Mwalimu."

Tukaupanga wiki tatu. Yeye akatia maneno ya kuvuka mto. Wanaume wakabeba besi, na pale pa kuruka nilianzisha mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza bila kuteleza. Jina langu likaandikwa la thelathini. Nikafua gauni mara mbili.

Siku moja kabla ya safari karani akaita majina ofisini. Alipofika langu akanyanyua miwani.

"Huyu mtoto. Mzazi aweke sahihi."

Mwalimu akasema, "Mzazi wake yuko hospitali, mzee. Ndiko tunakokwenda."

"Basi alete kadi ya familia."

"Kadi anayo mama yake."

"Hospitali?"

"Hospitali."

Karani akafikiri kwa kweli, nilimwona anafikiri. Akasema, "Basi aende hospitali akachukue sahihi, kisha arudi hapa nimpe kibali cha kwenda." Akanyoosha mstari juu ya jina langu kwa rula. Hakuwa anatania. Nimekutana na karani huyo mara nyingi tangu siku ile, ana nyuso tofauti tu. Hata hapa Sydney nimemkuta, anakuambia ujaze fomu kwenye simu ili upate namba ya kujazia fomu.

Sikulia ofisini. Nilimshika Mwalimu Zakaria koti. Nikamwambia, "Mkaimbe dirishani kwake. Na wewe uingie umwambie ni wimbo wangu. Halafu uje uniambie kama amesikia."

"Nitaingia mwenyewe," akasema. "Na nitakuja kukuambia. Mbele za Mungu."

Lori likaondoka. Nikakimbia nalo mpaka kwenye kijiti, kikanyanyuliwa, kikashushwa, na mimi nikabaki upande huu.

Walirudi siku ya tatu, ishirini na wanane. Mmoja aliyekosekana niliyemjali hakuwa mwanakwaya kabisa. Mke wa Nestori alinikalisha kwenye mkeka akaniambia Mama amezikwa huko huko mjini, na kwamba kwaya ilimwimbia kaburini. Niliuliza kimoja tu.

"Alisikia wimbo akiwa hai?"

Akina mama wa kwaya wakatazamana. Wakasema waliimba uani, siku ile waliyofika, dirisha liko juu, hawakuona ndani. Muuguzi alimruhusu mtu mmoja tu kuingia. "Mwalimu ndiye aliyeingia. Mwalimu ndiye anajua."

Na Mwalimu Zakaria alikuwa ndiye yule wa ishirini na tisa. Kesho yake baada ya maziko aliingia sokoni mjini na koti lake la kijivu, na hakutoka. Ametoroka. Kibali cha watu kimempa mlango naye ameupita. Ofisi ikakasirika, na baada ya hapo hakuna kwaya iliyopewa kibali tena. Kaburi la Mama nililiona nikiwa tayari nina mtoto mgongoni, na hata hapo nilionyeshwa mahali tu, nyasi.

Ninyi mliopoteza mzazi mnajua akili ya mtoto inavyozunguka. Nilisema, kama alisikia, basi alijua nilijaribu kuja. Kama hakusikia, alikufa akidhani nimetulia kwa Nestori nageuza mawe. Hilo tu. Nimelibeba kutoka makazi, kwenye ndege, mpaka hapa.

Wimbo wenyewe haukufa. Kwaya iliuimba kwenye kila msiba, makazi ya jirani wakauchukua, watu walipohamishiwa huku na huko wakaenda nao. Mwaka jana nimeusikia Campbelltown, kusini mwa mji huu, kwenye mazishi mara mbili, pole pole vile vile, vijana waliozaliwa hapa wanaruka pale pa kuruka na kuanguka ngazi vizuri kabisa. Mmoja aliniambia ni wa mababu.

Na mwaka huo huo, Mwalimu Zakaria akaletwa na mwanawe. Yuko Campbelltown hiyo hiyo, nyumba za serikali, karibu na hospitali. Binti alinipa habari akidhani nitafurahi. Nikasema goti linauma. Nikaendelea kusema goti linauma miezi minane. Kwa kweli nilikuwa nina hasira, na chini ya hasira nilikuwa naogopa jibu.

Sasa kaseti. Mjukuu wangu Keza ana miaka kumi na minne, Kiswahili kinamwingia lakini hakimtoki. Alirudi shule akanikuta nimeiweka mezani juu ya kitambaa. Nikamwambia, "Nitafutie hawa." Akapapasa simu, akaanza kunisomea kwa Kiingereza chake, nami nikimsimamisha anieleze. Kumbe bendi hiyo ilianzia Sydney hii hii, kwenye gereji ya mama wa mpiga kinanda. Walipiga kwenye baa za mji. Kaseti ya kwanza ilipendwa, ya pili ikapendwa zaidi, nywele zao zikaigwa. Ya tatu watu hawakuinunua, wakagombana, wakaachana. Mmoja akawa fundi rangi. Baada ya miaka mingi walirudiana wakapiga kwenye kumbi za wastaafu, kwa watu wa umri wao, mpaka mpiga ngoma alipofariki. Kaseti yangu ni ile ya tatu. Keza akasoma kwamba haikufika popote.

"Imeandikwa hivyo?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Ilifika," nikasema.

Akaubonyeza wimbo wa pili. Msichana akaanza kuimba mbio mbio, sauti nyembamba kama ya mtu anayeshuka kilima kwa baiskeli, na ngoma zinamkimbiza. Nikamwambia siyo huo. Akanionyesha jina. Nikasema siyo, wimbo huu anaimba mzee. Akanionyesha picha, akaweka kidole juu ya mwanamke aliyenyolewa. Huyo ndiye mwimbaji, Bibi. Huyo mnene ndiye wa kinanda.

Nilikaa hapo nikifikiri mawe yangu sita. Nikamuuliza kama simu inaweza kuchoka. Akacheka, lakini akakuta kitu cha kupunguza mwendo, akapunguza, akapunguza tena, na sauti akaishusha. Msichana akazama, akazama, na kutoka chini yake akaja mzee. Mzee wangu mwenyewe, na foleni yake. Keza aliacha kucheka aliponitazama.

"Jumamosi," nikamwambia, "tunapanda treni kwenda Campbelltown."

Treni ile ni ndefu, inakupa muda wa kujuta kwenye kila stesheni. Mwalimu Zakaria tulimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini, amekonda. Mke wa mwanawe alikuwa jikoni. Nilikuwa nimejipanga kumwambia maneno makali. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Spesi. Wa mawe."

Alinitazama muda mrefu. "Uliruka vizuri kuliko wote," akasema. Halafu akaanza kulia, kama wazee wanavyolia, macho tu. "Nilikuahidi mbele za Mungu. Nikatoka pale sokoni nikasema nitaandika. Mwaka wa kwanza niliona aibu. Mwaka wa pili niliona aibu ya kuona aibu."

"Ulitufungia mlango sisi sote."

"Najua."

Nikamwambia Keza aweke wimbo, ule wa mbio, kama ulivyo. Nilitaka ausikie kabla sijauliza, sijui kwa nini. Ukaanza. Mwalimu alikunja uso kama nilivyokunja mimi. Kisha kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti. Kikagonga haraka, sawa na ngoma. Akakitazama hicho kidole kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Hivi," akasema. "Mama yako alipiga hivi."

"Alipiga nini?"

"Chuma cha kitanda, kwa pete. Niliingia nikamwambia, huo ni wimbo wa Spesi, amezuiwa na karani. Akageuza sikio dirishani. Sisi tunaimba pole pole, yeye anapiga chuma mbio mbio, hivi, hivi, nikadhani homa. Nikadhani anatufukuza. Halafu akanishika mkono akaniambia neno la mwisho nililosikia kwake." Akajifuta na blanketi. "Hilo nimelihubiri miaka yangu yote huko nilikokuwa. Mwanamke anakufa, hajiombei maji. Anasema, mpeni uji mzee huyo."

"Na ukafanyaje, Mwalimu?"

"Nikamtafuta mzee! Wodi ya wanawake, mzee atoke wapi? Nikamkuta mmoja barazani, mguu mbovu, hana ndugu. Tukakoroga uji sufuria nzima. Akanywa wote. Hakutushukuru hata."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka goti likauma kweli, na machozi, na Keza akanishika bega akidhani ninaanguka. Mama hakuwahi kuusikia wimbo ule kwa mwendo wake wa kweli, hata siku moja. Alijua tu kwamba hakuna wimbo wa kukokotwa. Alikuwa hai, alisikia, alijua ni mimi, na aliutania kama alivyoutania juu ya matete kila jioni.

Mwalimu alikuwa ananitazama. "Nilifanya vibaya?"

"Ulifanya vizuri, Mwalimu. Keza, rudisha mwanzo. Mwalimu, tuimbe."

Tukaimba juu ya yule msichana, maneno yetu ya kuvuka mto kwa mwendo wake. Mimi nilijitahidi. Mwalimu alifika mstari wa pili, akabaki nyuma, akakosa pumzi, sauti ikaanza kuzama, inazama, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe:

"Mpeni uji mzee huyo!"

Akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena, na nikaliona jambo likimfikia pole pole usoni.

Mke wa mwanawe akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Uji haupo, Mama. Lakini naweza kukoroga."

"Koroga," Mwalimu Zakaria akasema, huku akifuta macho. "Koroga haraka."